Mapitio ya hukumu ya rufaa ya jinai: yanagusa nini, na nini hayagusi

Mfungwa aliyekata rufaa hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania na kushindwa amefika mwisho wa ngazi. Hakuna mahakama nyingine nchini iliyo juu yake. Hata hivyo masjala za mahakama hiyo huendelea kupokea maombi ya watu walewale, wakiwataka majaji waitazame tena hukumu waliyoitoa wenyewe. Maombi hayo huitwa mapitio, na sheria inayatambua. Mengi hukataliwa, na ukizisoma sababu za kukataliwa utakuta kosa linalojirudia: mwombaji ameandika rufaa, kisha akaipa jina la mapitio.

Tuanze na majina, maana hata magazetini huchanganywa. Rufaa ni kuipeleka hukumu ngazi ya juu ili ushahidi na sheria vipimwe upya. Marejeo ni pale mahakama ya juu inapoliita jalada la mahakama ya chini na kuangalia kama mwenendo ulikuwa halali. Kwa jinai, Mahakama Kuu hufanya hivyo kwa kifungu cha 372 na 373 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mapitio yanayozungumzwa hapa ni mahakama ileile kuirudia hukumu yake yenyewe. Yapo pia mapitio ya kupinga uamuzi wa waziri, bodi au ofisa wa serikali mbele ya Mahakama Kuu. Hayo yana sheria yake, na mfungwa anayeyakimbilia ili kuipinga hukumu ya jinai anapoteza muda.

Mahakama ya Rufani ilianza 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mahakama ya rufaa ya pamoja kuondoka nayo. Kanuni zake za mwanzo, za mwaka huohuo, hazikusema lolote kuhusu mapitio. Majaji ndio walioamua, katika mashauri ya miaka ya 1980 na 1990, kwamba mahakama ina uwezo wa asili wa kuusahihisha uamuzi wake pale ambapo kuuacha ulivyo ni dhuluma ya wazi, na wakauwekea uwezo huo mipaka tangu mwanzo. Kanuni za 2009, Tangazo la Serikali Na. 368, zikayaandika mazoea hayo katika kanuni ya 66. Mwaka 2016 Bunge likauingiza uwezo huo ndani ya sheria yenyewe, kifungu cha 4(4) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141. Sheria imekuja nyuma ya majaji, na maneno ya majaji wa zamani bado ndiyo yanayotumika kuitafsiri.

Kanuni ya 66(1) inataja sababu tano tu, na inasema bila kuzunguka kwamba maombi yasiyosimama juu ya mojawapo hayatasikilizwa. Ya kwanza, hukumu imejengwa juu ya kosa la wazi linaloonekana kwenye kumbukumbu za shauri, na kosa hilo limesababisha haki kupotea. Ya pili, mhusika alinyimwa isivyo halali nafasi ya kusikilizwa. Ya tatu, uamuzi ni batili. Ya nne, mahakama haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri. Ya tano, hukumu ilipatikana kwa njia haramu, kwa ulaghai au kwa ushahidi wa uongo uliotolewa chini ya kiapo.

Ushahidi mpya haumo katika orodha hiyo. Wala halimo kosa la kawaida la kisheria. Wala haimo hoja kwamba wakili alimtetea vibaya mteja wake.

Kosa la wazi, na kwa nini wengi huanguka hapo

Sababu ya kwanza ndiyo inayotajwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ina vipande vitatu, na mwombaji anatakiwa avithibitishe vyote kwa pamoja: kosa liwe la wazi, lionekane kwenye kumbukumbu zenyewe, na liwe limeiathiri haki. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havimsaidii.

Kipimo cha uwazi kiliwekwa katika shauri la Chandrakant Joshubhai Patel dhidi ya Jamhuri la mwaka 2004, ambalo bado linanukuliwa karibu katika kila uamuzi wa mapitio. Kwa ufupi, kosa liwe la namna ambayo mtu anayesoma huku anakimbia angeliona. Likihitaji mlolongo mrefu wa hoja ili lionekane, au likiwa juu ya jambo ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana, hilo si kosa la wazi. Katika shauri hilohilo majaji walikiri kwamba hakuna hukumu iliyokamilika. Kasoro za hapa na pale hazikosekani. Kasoro yoyote yaweza kuwa sababu ya kukata rufaa, lakini si kila kasoro inatosha kwa mapitio.

Jambo hili huonekana vizuri likiwekwa kwenye karatasi. Chukua mtu aliyehukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake haipungui miaka 30. Rufaa zake mbili zimekataliwa, na sasa anaandika sababu ya mapitio hivi:

"Kwamba Mahakama ilikosea kisheria kuamini kuwa nilitambuliwa usiku wa tukio, ilhali haikuelezwa mwanga wa taa ulikuwa mkali kiasi gani."

Hiyo ni sababu nzuri ya rufaa. Vigezo vya utambuzi wa usiku vinajulikana tangu shauri la Waziri Amani la 1980: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama aliwahi kumfahamu kabla. Lakini ikiwa hukumu imeuzungumzia mwanga huo na kuhitimisha kwamba ulitosha, jambo limekwisha kuamuliwa. Hata kama majaji walikosea kuupima, kuuona upungufu wao kunataka mtu aurudie ushahidi wote na kuupima upya, na hiyo ni kazi ya rufaa. Linganisha na hii:

"Kwamba ukurasa wa 9 wa hukumu unasema shahidi wa pili alimtaja mwombaji kwa jina alipofika kituo cha polisi, wakati ukurasa wa 23 wa kumbukumbu za rufaa unaonyesha shahidi huyo alisema hakumfahamu yeyote kati ya waliomvamia, na kwamba hakuna ushahidi mwingine uliomhusisha mwombaji na tukio."

Hapa hakuna mtu anayeombwa apime chochote. Unafungua kurasa mbili, unaziweka pembeni kwa pembeni, kosa linaonekana au halionekani. Maneno yake ya mwisho, kwamba hakuna ushahidi mwingine, ndiyo yanayobeba kipande cha tatu, kwamba haki imepotea. Wengi huisahau. Hukumu ikiwa imekosea jina la shahidi au tarehe ya tukio, lakini hatia inasimama juu ya ushahidi mwingine ambao haujaguswa, kosa lipo na mapitio hayapo. Makosa ya uandishi na ya hesabu yana njia yake nyepesi, kanuni ya 42, ambayo mahakama inaweza kuitumia wakati wowote, kwa kuombwa au kwa hiari yake.

Mfano mwingine ni wa umri. Kifungu cha 26(2) cha Kanuni ya Adhabu kinakataza hukumu ya kifo kwa mtu ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa. Ikiwa hukumu ya rufaa yenyewe inaeleza kwamba siku ya tukio mshtakiwa alikuwa na miaka 17, kisha inathibitisha adhabu ya kifo, kosa limeandikwa kwa mkono wa mahakama. Lakini ikiwa kesi nzima iliendeshwa kwa kuaminika kwamba alikuwa na miaka 20, na leo ndugu zake wameleta cheti cha kuzaliwa kinachosema vingine, tumetoka nje ya kumbukumbu. Cheti kinaweza kuwa cha kweli kabisa. Dhuluma ni ileile, adhabu ni ileile, ila njia imebadilika, kwa sababu kosa halimo ndani ya makaratasi yaliyokuwa mbele ya majaji. Anayeuelewa mfano huu ameielewa kanuni ya 66: mapitio yanaikagua hukumu dhidi ya kumbukumbu zake, hayaikagui kesi dhidi ya ukweli wa duniani.

Ukipitia maamuzi ya mahakama utaona mambo yanayokataliwa kila mara: mashahidi walijichanganya, mnyororo wa utunzaji wa vielelezo ulikatika, fomu ya polisi namba tatu (PF3, anayoijaza daktari baada ya kumpima aliyeumizwa) ilipokelewa kimakosa, maelezo ya onyo (maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa na polisi) yalichukuliwa nje ya muda, utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio haukupewa uzito. Yote ni mambo ya maana, na mengine yamewaachia huru watu wengi kwenye rufaa. Yakishajadiliwa kwenye rufaa na kuamuliwa, mwombaji kutoridhika na jibu hakuyageuzi kuwa sababu ya mapitio. Na kama hayakuwahi kuletwa kwenye rufaa, hali yake ni mbaya zaidi: mahakama haiwezi kulaumiwa kwa kutoliona jambo ambalo haikuambiwa.

Hapo katikati pana eneo lenye utata, nalo ni sababu ya rufaa iliyowasilishwa na isijibiwe. Mahakama hailazimiki kujibu kila sababu moja moja. Inaweza kuziunganisha, au kuona kwamba jibu la moja limezimaliza nyingine. Kwa hiyo kusema tu "sababu yangu ya nne haikujibiwa" hakutoshi. Inabidi kuonyesha kwamba sababu hiyo ilikuwa inaweza peke yake kuiangusha hatia, na kwamba hakuna aya yoyote ya hukumu iliyoigusa, hata kwa maneno mengine. Anayetaja hoja hii bila kunukuu kurasa huwa amejishindia nusu ya kushindwa kwake.

Sababu nne zilizobaki

Kunyimwa nafasi ya kusikilizwa ni sababu yenye nguvu, kwa kuwa haki hiyo imo kwenye ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts mahakama ilisema uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mhusika hauwezi kusimama. Hutokea kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya mwili: rufaa imesikilizwa mwombaji hayupo na hakupewa taarifa. Ya pili imejificha zaidi: majaji, wakiwa chumbani wanaandika hukumu, wanaibua hoja ambayo hakuna upande ulioizungumzia, kisha wanaamulia hiyo. Kama mwombaji alikuwepo, akaulizwa, akajibu, hata kwa sentensi moja, sababu hii haipo. Mawakili wengine hujaribu kuinyoosha hadi iseme "sikusikilizwa kwa sababu hoja zangu hazikukubaliwa". Haifiki huko.

Ubatili na ukosefu wa mamlaka ni nadra. Mfano wa ubatili ni jopo lisilotimia: Katiba inataka majaji wasiopungua watatu kusikiliza rufaa. Mfano wa mamlaka ni kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo. Kesi kama hiyo haiwezi kufika Mahakama ya Rufani bila Mahakama Kuu kuthibitisha kwamba ina hoja ya kisheria, na rufaa iliyosikilizwa bila uthibitisho huo ilisikilizwa na mahakama isiyo na mamlaka. Mambo haya yako kwenye karatasi. Ama yapo ama hayapo.

Ulaghai na uongo chini ya kiapo husikika kama njia pana, kwa sababu karibu kila aliyefungwa anaamini kwamba shahidi fulani alidanganya. Lakini kama shahidi alikuwa mwongo au mkweli ndilo swali ambalo mahakama ya kwanza ililiamua ilipomwamini. Kulirudia kwa jina la kanuni ya 66(1)(e) ni kuirudia kesi. Maombi ya aina hii yanahitaji kitu kilichothibitishwa nje ya malalamiko ya mwombaji, kwa mfano shahidi kuhukumiwa kwa kosa la kutoa ushahidi wa uongo. Tuhuma tupu, hata zikiapiwa, hazina uzito.

Siku sitini

Maombi hufunguliwa kwa hati ya maombi, inayoambatana na kiapo, ndani ya siku 60 tangu tarehe ya hukumu au amri inayoombewa mapitio. Hesabu inaanzia siku ya hukumu kusomwa. Haisubiri nakala ifike gerezani. Siku yenyewe ya hukumu haihesabiwi: hukumu ikisomwa tarehe 3 Machi, siku ya 60 ni tarehe 2 Mei, na ikiangukia siku ambayo ofisi za mahakama zimefungwa, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Hati ya maombi itaje kanuni ya 66(1) pamoja na herufi ya aya inayotegemewa. Zamani kukosea kifungu kulitosha kuyafuta maombi. Marekebisho ya kanuni ya miaka ya karibuni yamelegeza jambo hilo, na sasa kifungu sahihi kinaweza kuingizwa ikiwa mamlaka ya mahakama yapo. Ila mwombaji anayetaja aya zote tano, (a) hadi (e), ili asikose hata moja, anaharibu zaidi kuliko aliyekosea herufi. Majaji huisoma hati ya namna hiyo na kuona mtu asiyejua anacholalamikia. Sababu moja iliyonyooka, yenye kurasa mbili za kulinganisha, inazishinda sababu kumi na mbili.

Kiapo kibebe maelezo ya tukio na rejea za kurasa, kisibebe mabishano ya kisheria. Kionyeshe mahali na tarehe kilipoapwa, na jina na cheo cha aliyekishuhudia. Sehemu hiyo ya mwisho ikiwa na kasoro, kiapo kizima kinatiliwa shaka, na maombi bila kiapo hayana miguu. Ambatisha nakala ya hukumu na kurasa zile za kumbukumbu za rufaa unazozitaja. Kisha, ndani ya siku 14 tangu kufungua, mjibu maombi apatiwe nakala. Kwa jinai mjibu maombi ni Jamhuri, kupitia ofisi ya mashtaka.

Kwa mfungwa, siku 60 zinaisha haraka. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani bado huandikwa kwa Kiingereza, hata baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mfungwa anangoja nakala, anangoja mtu wa kumsomea, anangoja karatasi, na katikati anaweza kuhamishwa gereza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mashauri yanayohusu mapitio si mapitio yenyewe. Ni maombi ya kuongezewa muda chini ya kanuni ya 10, ambayo husikilizwa na jaji mmoja.

Hapa pana mtego ambao hata mawakili hunaswa nao. Kwa maombi mengine ya kuongezewa muda, vigezo vinavyofuatwa ni vya shauri la Lyamuya Construction la 2010: eleza kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, onyesha bidii na si uzembe, au onyesha sababu nyingine nzito kama uharamu katika uamuzi unaopingwa. Kwa mapitio hayo hayatoshi. Katika shauri la Eliya Anderson dhidi ya Jamhuri, na mengine ya wakati huo, mahakama iliongeza sharti: kiapo cha kuomba muda kionyeshe, pale pale, kwamba mapitio yanayokusudiwa yatasimama juu ya sababu mojawapo ya kanuni ya 66(1). Jaji mmoja haamui kama sababu hiyo itashinda. Anaangalia kama ipo. Mwombaji anayeandika kwamba alichelewa kwa kuwa alihamishwa kutoka gereza moja kwenda jingine, akaishia hapo, ameeleza kuchelewa kwake vizuri na bado atakataliwa. Muda hauongezwi kwa ajili ya safari isiyo na mwisho wa kufikia.

Kuhusu kuchelewa kwenyewe, neno la mfungwa peke yake huwa jepesi. Akisema alihamishwa, au aliugua, au nakala ilichelewa kumfikia, kiapo cha ofisa wa gereza anayetunza kumbukumbu kinachothibitisha tarehe hizo ndicho kinachoyapa maneno yake uzito. Kila siku ielezwe. Kuna tofauti kubwa kati ya kuandika "nilipata nakala mwaka jana" na kuandika tarehe ya kuipokea, tarehe ya kuomba msaada wa sheria, na tarehe ya kukamilika kwa hati.

Siku ya kusikilizwa

Kanuni inataka maombi yasikilizwe, kadiri inavyowezekana, na majaji walewale walioitoa hukumu. Wengi huliona hili kuwa dhuluma: nani atakubali kwamba alikosea? Lakini linaendana na kazi yenyewe. Kama swali ni kama hukumu imesoma ukurasa wa 23 kinyume na ulivyoandikwa, aliyeiandika ndiye anayejua haraka. Na mara nyingi jopo haliwezi kurudi lote. Jaji wa Rufani hustaafu akifikisha miaka 65, wengine huhamia kazi nyingine, na sura mpya zinakaa. Mwombaji asidhani kwamba jopo jipya limeketi kuipima kesi kwa macho mapya. Mipaka ni ileile.

Katika ukumbi, dakika za mwanzo mara nyingi ndizo zinazoamua. Majaji humuuliza mwombaji aonyeshe ukurasa. Anayeanza kusimulia usiku wa tukio huwa amekwisha kujibu swali ambalo halikuulizwa. Anayesema "ukurasa wa 9 aya ya pili, na ukurasa wa 23 mstari wa kumi" anapewa nafasi ya kuendelea.

Maombi yenye kasoro za kitaratibu hufutwa, na aliyefutiwa anaweza kurudi akiwa na hati iliyonyooka, mradi muda upo au ameongezewa. Maombi yaliyosikilizwa na kuonekana hayana msingi hutupiliwa mbali, na hapo hakuna kurudi: kanuni ya 66(7) inasema uamuzi wa mapitio ni wa mwisho na hayapokelewi mapitio ya pili katika shauri lilelile. Tofauti ya maneno hayo mawili katika amri ya mahakama ni kubwa kuliko inavyosikika, na inafaa kuisoma amri yenyewe badala ya kutegemea alichosema mtu aliyekuwepo ukumbini. Maombi yakikubaliwa, kanuni ya 66(6) inaipa mahakama uwezo wa kulisikiliza upya jambo husika, kuitengua hukumu ya awali au kuirekebisha. Mara nyingi kinachobadilika ni sehemu tu, kwa mfano adhabu, huku hatia ikibaki. Wakati wote huo kifungo kinaendelea. Kufungua maombi hakukisimamishi.

Pengo la ushahidi mpya

Ukali huu una sababu. Bila mipaka, kila hukumu ingekuwa ya muda, na waathirika wa uhalifu nao wana haki ya kujua shauri limekwisha. Hoja hiyo ina uzito pale mwombaji anaporudia yaleyale. Inapungukiwa uzito pale jambo jipya kabisa linapojitokeza: mtu mwingine anakiri, au kipimo cha maabara kilichokuwa hakipo wakati wa kesi kinafanyika. Kanuni ya 66 haina mahali pa kuliweka jambo hilo, na kulilazimisha liingie kwenye "kosa la wazi" kumeshindikana kila mara, kwa sababu halikuwa kwenye kumbukumbu.

Kenya walilitengenezea mahali pake. Ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu aliyetiwa hatiani, baada ya rufaa yake ya mwisho kukataliwa au muda wa kukata rufaa kumpita, kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya ikiwa umepatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Kibisu, iliyafafanua maneno hayo kwa ukali: uwe ushahidi ambao usingeweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa bidii, unaoaminika, na ambao ungeletwa wakati huo huenda uamuzi ungekuwa mwingine. Ni njia nyembamba nayo, lakini ipo, na imetenganishwa na mapitio ya hukumu. Tanzania ingefaa kufanya hivyo kwa sheria ya Bunge. Kuinyoosha kanuni ya 66 ili ibebe mzigo huo kungeiharibu bila kuwasaidia wanaoustahili.

Kesi iliyowafunza Watanzania wengi neno mapitio ni ya wanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Johnson Nguza, maarufu Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya ubakaji wa watoto. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia watoto wengine wawili wa Nguza na kuibakisha hatia ya hao wawili. Waliomba mapitio, mwaka 2013 yakakataliwa. Mitaani ilisemwa kwamba mahakama "imekataa kuwasikiliza". Kilichokataliwa ni ombi la kuupima ushahidi mara nyingine.

Walikwenda pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kuamua, katika shauri la Alex Thomas la Novemba 2015, kwamba mapitio ya kanuni ya 66 ni nafuu ya nje ya kawaida, na mlalamikaji halazimiki kuyamaliza kwanza ndipo afike kwake. Machi 2018 ikatoa hukumu ya akina Nguza, ikikuta kwamba haki yao ya kujitetea ilikiukwa kwa sehemu. Wakati huo walikuwa wameshatoka gerezani kwa msamaha wa Rais, Desemba 9, 2017.

Njia ya Arusha imebanwa tangu hapo. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi Novemba 22, 2020. Mashauri yaliyofunguliwa kabla ya tarehe hiyo yaliendelea. Kwa anayeshindwa mapitio leo, kilichobaki ndani ya nchi ni ibara ya 45 ya Katiba, inayompa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza au kubadilisha adhabu. Ombi hilo halifungwi na kanuni ya 66, wala halina siku 60. Cheti cha kuzaliwa, kukiri kwa mtu mwingine, ripoti ya daktari: vyote vinaweza kuambatishwa humo.